Amekamatwa: Kumtafuta Wakili wa Kesi ya Jinai Meru na Embu

Mtu akikamatwa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago, habari hufika sokoni kabla ya kufika nyumbani kwao. Kufikia asubuhi jamaa watakuwa wameshakutajia mawakili watatu: mmoja mnasali naye kanisa moja, wa pili ndiye aliyeshughulikia urithi wa shamba la babu, wa tatu inasemekana "anajuana na hakimu". Huenda wawili wa kwanza ni mawakili hodari. Ila hakuna aliyetajwa kwa sababu anajua kutetea kesi ya jinai, na hakuna aliyeuliza kama mmoja wao tayari anamfanyia kazi mlalamishi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye nje ya seli: mke, mume, mzazi, ndugu au rafiki. Katika miji yetu mawakili wanaofanya kesi za jinai kila siku si wengi, na kila mtu anawajua. Namba ya simu ya wakili utaipata kwa dakika tano. Kinachohitaji uangalifu ni kumpata aliye huru na upande wa pili, mwenye leseni ya mwaka huu, na atakayesimama mahakamani siku mashahidi watakapofika.

Kwa nini uanze leo

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha usiku, au siku ambayo mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu, na wikendi nzima yuko mikononi mwa wanaomhoji.

Mambo matatu huamuliwa katika muda huo mfupi. La kwanza ni maneno atakayosema kituoni. La pili ni dhamana, pamoja na ombi ambalo polisi wanaweza kupeleka mahakamani ili wamzuilie siku zaidi wakiendelea na upelelezi. Wakili asipokuwepo, ombi hilo mara nyingi hupita bila wa kulipinga. La tatu, ambalo mimi naliogopa kuliko yote, ni jibu lake akisomewa mashtaka. Watu hukiri kwa sababu wameambiwa korokoroni kwamba "ukikubali utapigwa faini ndogo uende nyumbani". Aliyekiri na kuhukumiwa kwa kawaida hawezi tena kukata rufaa kupinga hatia. Sheria inamwachia kupinga uhalali au ukali wa adhabu pekee.

Saa za kwanza: hatua kwa hatua

1. *Jua yuko kituo gani, na uende mwenyewe.* Mtu anaweza kukamatwa kijijini, akapitishwa kituo kidogo, kisha akalazwa kingine. Uliza namba ya OB, yaani nafasi aliyoandikiwa katika kitabu cha matukio, na uombe kumwona. Usiahirishe hadi kesho. Watu wa Embu hawajasahau Kianjokoma, Agosti 2021: ndugu wawili walikamatwa usiku kwa kukiuka kafyu, na familia ikaja kuwapata wakiwa maiti katika mochari ya hospitali ya Embu. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji.

2. *Andika unachoambiwa.* Kosa ni lipi, mlalamishi ni nani, afisa anayechunguza ni nani, amekamatwa saa ngapi. Wakili atakuuliza mambo haya kabla ya mengine yote.

3. *Mpe aliye ndani sentensi moja ya kushika:* "Nitaandika taarifa wakili wangu akiwepo." Jina lake na anakoishi anaweza kutaja. Asibishane, asitukane, asieleze kisa. Sheria ya Ushahidi inakataa maungamo yaliyofanywa mbele ya afisa anayechunguza kesi. Ili yakubalike lazima yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, tena mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe akiwepo. Hata hivyo usitegemee kifungu hicho kimwokoe baadaye. Kunyamaza ni salama zaidi.

4. *Uliza dhamana ya polisi.* Kwa makosa mengi mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa dhamana. Dhamana yenyewe haiuzwi. Ukiambiwa uweke pesa taslimu, dai risiti rasmi papo hapo. Pesa isiyo na risiti haitarudi.

5. *Pigia mawakili wawili au watatu,* kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini.

6. *Usiende kwa mlalamishi usiku huo,* hata kuomba radhi. Ziara hiyo inaweza kuelezwa mahakamani kuwa ni kumtisha shahidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kunyimwa dhamana.

> ONYO: SIMU NA MAKUNDI YA WHATSAPP
> Usieleze kisa kwenye kundi la familia, la chama au la kanisa. Katika kundi la watu 80 wa eneo moja hukosi jamaa wa mlalamishi, na ujumbe uliopigwa picha husafiri haraka. Andika tu: "Amekamatwa, tunatafuta wakili, tunachanga." Mengine ni ya wakili peke yake.

Taja majina kabla ya kisa

Hapa ndipo miji midogo inapotofautiana na Nairobi, na ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Kesi nyingi za jinai kwetu ni mkia wa jambo jingine. Mtu anashtakiwa kwa kujeruhi au kuharibu mali, lakini ukifuata mzizi unakuta mpaka wa shamba Tigania, mti wa makadamia ulioegemea kwa jirani, au mgao wa urithi Mbeere. Wakili aliyefanya kazi ya shamba hilo kwa niaba ya familia ya mlalamishi anajua siri zao na ana wajibu kwao. Kanuni za maadili za mawakili hazimruhusu kusimama pande zote mbili. Hata asipokuwa na nia mbaya, atakuwa amejifunga mkono mmoja.

Kwa hiyo unapopiga simu, anza na majina. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

— Habari ya asubuhi, wakili. Kabla sijakueleza lolote, naomba nikutajie majina. Aliyekamatwa ni kijana wangu, wa Mikinduri. Mlalamishi ni fulani, na shamba lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake. Umewahi kumfanyia kazi yeyote katika hao?

— Asante kwa kuuliza, mama. Nipe dakika kumi niangalie faili, nitakupigia.

Hilo ni jibu la wakili wa kuaminika. Anayekuambia "hiyo si shida, wewe nieleze tu" bila kuangalia chochote, mshukuru na umalize simu. Usimwage kisa kwa mawakili watano ukitafuta bei. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda siri kati ya wakili na mteja, lakini mazungumzo ya barazani nje ya afisi, mbele ya makarani na wateja wengine, hayalindwi na mtu yeyote.

Uliza pia kuhusu undugu: je, mlalamishi ni wa mwiriga (ukoo) wake, mkwe wake, au mwenzake katika kamati ya kanisa au shule? Hayo si makosa ya kimaadili moja kwa moja, lakini wewe ndiwe utakayeamua kama utalala usingizi.

Jambo jingine linalosahaulika: ndugu wawili walioshtakiwa pamoja hawafai kila mara kuwa na wakili mmoja. Iwapo utetezi wa mmoja ni kwamba mwenzake ndiye aliyeshika panga, wakili mmoja hawezi kuwatetea wote. Uliza mapema, kabla ya kulipa.

Ikiwa mawakili wote wa karibu wamefungwa na wajibu kwa upande wa pili, toka nje ya mji. Watu wa Embu hupata wakili Chuka, Kerugoya au Meru, na wa Meru hupata Chuka, Isiolo au Nanyuki. Wakili wa Nairobi naye hakatazwi. Kutajwa kwa kesi siku hizi hufanywa mara nyingi kwa mtandao, lakini mashahidi kwa kawaida husikizwa ana kwa ana, na Meru iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi. Nauli na siku nzima ya safari vitakuwa juu yako kila kesi inapoahirishwa.

Hakikisha ni wakili kweli

Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Fanya hivi:

- Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, utafute jina lake. Lazima aonekane kuwa na leseni hai ya mwaka huu. Leseni hutolewa kila mwaka. Ya mwaka jana haimruhusu kusimama mahakamani leo.
- Mwombe namba yake ya usajili, inayoanza na P105. Wakili haoni aibu kuitaja.
- Linganisha majina yote matatu na kitambulisho, si mawili. Ukiwa na shaka, piga simu LSK.
- Kutana naye afisini. Afisi iwe na jina la kampuni mlangoni, na risiti iwe na jina hilohilo.

Jihadhari na mabroka wanaozunguka lango la mahakama siku za watu kusomewa mashtaka. Atakuja na faili kwapani, akuite "mzee" au "mathe", akuambie anaweza "kuongea na watu wa ndani". Kumlipa mtu ili aongee na hakimu, polisi au kiongozi wa mashtaka ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Ulikuja kumtoa mtu mmoja, msije mkawa wawili ndani.

Mpime akiwa kazini

Mahakama ni ya wazi. Ikiwa mtu wako ameshapata dhamana na una siku chache, nenda uketi benchi ya nyuma asubuhi moja: Meru, Githongo, Tigania, Maua au Nkubu kwa upande mmoja, Embu, Runyenjes au Siakago kwa upande mwingine. Tazama nani amefika kabla kesi yake haijaitwa, nani amesoma faili, na nani anaomba kesi iahirishwe wakati mteja wake ametoka rumande na mashahidi wako nje. Sikiliza anavyomhoji shahidi wa polisi. Asubuhi moja pale itakuambia mengi kuliko wiki nzima ya kuuliza watu.

Njia ya pili ni tovuti ya Kenya Law. Inachapisha bure maamuzi ya Mahakama Kuu ya Meru, Embu na Chuka, na mengi yao hutaja mawakili waliosimama. Tafuta jina la wakili pamoja na kosa lenyewe: wizi wa mifugo, bangi, unajisi, wizi wa mabavu. Usihesabu ushindi tu, kwa maana wakili mzuri hupewa pia kesi ngumu. Angalia kama ni kazi anayoifanya au anaigusa mara moja moja.

Kisha kuna lugha, na hapa nasisitiza. Shahidi wa kijijini atatoa ushahidi kwa Kimeru, Kiembu, Kitharaka au Kimbeere, karani atatafsiri, na hakimu ataandika kwa Kiingereza. Neno likipotoka katika tafsiri hubaki hivyo kwenye kumbukumbu hadi rufaa. Wakili anayeisikia lugha ya shahidi husimama papo hapo na kusema: "Mheshimiwa, shahidi hakusema hivyo." Mtu wa Igembe hasemi sawasawa na wa Imenti, kwa hiyo hata hilo linafaa kuulizwa. Mshtakiwa mwenyewe ana haki ya mkalimani bila malipo chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba.

Pesa

Usiulize "ni ngapi?" peke yake. Uliza pesa hiyo inafika wapi:

1. Ni ada ya kesi nzima hadi hukumu, au ni ya kusomewa mashtaka na dhamana tu?
2. Kila anapofika mahakamani nalipa tena? Kesi ikiahirishwa bila kosa letu, nalipa?
3. Safari ya kwenda Maua au Siakago imo?
4. Ni wewe utakayesimama, au utamtuma mwingine? Nani?
5. Naweza kulipa kwa awamu?
6. Rufaa ni malipo mapya?

Majibu yaandikwe, hata kama ni barua ya ukurasa mmoja, na kila malipo yawe na risiti ya afisi. Wakili anayekuhakikishia ushindi mwachie hapohapo, kwa kuwa hakuna anayeweza kukuuzia uamuzi wa hakimu kwa njia halali.

Pesa ya dhamana ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na ada. Chukua maelezo ya malipo kutoka mahakamani, lipa mwenyewe, na uhifadhi risiti mahali pakavu hadi kesi iishe, kwa sababu mshtakiwa akihudhuria siku zote pesa hurudishwa kwa aliyeweka. Usiitume kwa simu ya wakili wala ya karani wake.

Kama huna pesa

Katika kesi ya mauaji, Mahakama Kuu humpangia wakili mshtakiwa asiyejiweza, na wakili huyo analipwa na serikali. Hapaswi kuitisha familia ada. Akifanya hivyo, mshtakiwa amwambie jaji.

Kwa makosa mengine Katiba inasema serikali itagharamia wakili iwapo bila hivyo haki itapotoka vibaya. Mahakama ya Juu katika kesi ya Karisa Chengo, 2017, ilieleza kwamba haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Mahakama hupima uzito wa kosa na adhabu, ugumu wa kesi, na uwezo wa mshtakiwa kulipa na kujieleza. Kwa hiyo lazima aombe, tena kwa sauti: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuajiri wakili, naomba msaada wa kisheria." Aseme hivyo kabla ya kesi kuanza kusikizwa, na ahakikishe limeandikwa. Ombi hili lina uzito hasa katika wizi wa mabavu, ambao husikizwa na hakimu ingawa adhabu yake ni kifo, na katika kesi za unajisi, ambazo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inazipa vifungo virefu hadi maisha. Mshtakiwa akiwa mtoto, mahakama inaweza kuagiza apewe wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na inamtaka mkuu wa kituo cha polisi au gereza amweleze aliye ndani kuhusu msaada huo na kufikisha ombi lake. Mkumbushe. Uliza pia kwenye masjala ya mahakama. Wasaidizi wa kisheria, wale wanaoitwa maparalegali, wanaweza kukusaidia kuandika ombi na kuelewa utaratibu, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani.

Wazee na Njuri Ncheke

Kwa Wameru, watu watakushauri mpeleke jambo kwa wazee wa baraza la Njuri Ncheke, na mara nyingine ushauri huo ni mzuri. Katiba inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na mahakama inaweza kuhimiza mapatano katika makosa madogo kama kushambuliana kusiko na majeraha makubwa. Lakini ongea na wakili kwanza. Mapatano ya wazee hayaifuti kesi. Yaandikwe, yawasilishwe, na hakimu ayarekodi. Uliza kesi imeondolewa kwa kifungu kipi. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai (Criminal Procedure Code) kabla ya mshtakiwa kujitetea, anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa jambo lilelile.

Unajisi na ubakaji haviendi kwa wazee wala kwa chifu. Anayekuahidi kuvimaliza kwa mbuzi anakuingiza katika kosa jingine.

> BEBA HIVI UKIENDA KWA WAKILI
> ☐ Namba ya OB na jina la kituo
> ☐ Hati ya mashtaka, ikiwa ameshasomewa
> ☐ Kitambulisho cha mshtakiwa, au nakala
> ☐ Risiti zote za dhamana
> ☐ Karatasi za hospitali, ikiwa yeye pia aliumia
> ☐ Karatasi za kesi ya shamba au urithi inayohusiana
> ☐ Majina ya mashahidi wenu na namba zao
> ☐ Hati ya shamba, kitabu cha gari au hati ya mshahara ya anayeweza kuwa mdhamini

Mkumbushe wakili adai nakala za taarifa za mashahidi mapema. Mshtakiwa ana haki kikatiba kuujua ushahidi kabla ya kesi kuanza.

Mambo yakienda vibaya

Wakili asiyepokea simu mara moja huenda yuko mahakamani. Asiyefika siku za kesi bila sababu, au anayekataa kutoa risiti, ni suala tofauti. Mwandikie barua au ujumbe ukitaja tarehe, ili ibaki kumbukumbu. Una haki ya kumbadilisha. Lipa unachodaiwa kihalali, chukua faili, na umwombe wakili mpya aijulishe mahakama mapema, si asubuhi ya kusikizwa. Malalamiko rasmi hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na huhitaji wakili mwingine kuyaandika.

Hukumu ikitoka vibaya kwa hakimu, muda wa kukata rufaa Mahakama Kuu ni siku 14. Usizitumie zote kuchanga ada. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi siku hiyohiyo. Iwapo wakili hajapatikana, mfungwa anaweza kuandika rufaa yake mwenyewe na kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, ambaye sheria inamtaka aifikishe mahakamani. Wakili atakayekuja baadaye anaweza kuomba ruhusa ya kuongeza hoja.